Suruali Tano za Radi Tano

Siku Kokwijuka binti Gamaliel aliposikia gita la umeme kwa mara ya kwanza, aliunguza chakula cha watu tisa.

Ilikuwa mwaka 1963, huko Izimbya, naye alikuwa na miaka kumi na saba. Jirani yao, mwalimu wa shule, alikuwa amenunua redio ya betri, na kila alasiri aliiweka dirishani ili wapita njia wapate habari za nchi yao mpya. Kokwijuka alikuwa jikoni, ndizi za ebitoke zimefunikwa majani, moto umekolea. Habari zikaisha. Kisha likaingia gita.

Magita aliyajua. Hapakuwa na harusi isiyokuwa na kijana wa gita la mbao aliyekaa pembeni akikwaruza nyuzi mpaka apewe bilauri ya pombe ya lubisi anyamaze. Lakini hili lilikuwa kitu kingine. Lilipiga ukelele, likajivuta, likarudi chini likinguruma, kama mtu anayepasua jora zima la kitambaa kipya kwa mikono yake. Kokwijuka alitoka mbio, akakata katikati ya mibuni ya baba yake, akasimama chini ya dirisha la mwalimu na mwiko ungali mkononi. Wimbo ulipoisha alitazama mikono yake, akaona malaika yote yamesimama. Aliporudi nyumbani moshi ulikuwa umetanda kibanja kizima.

"Ulikuwa wapi?" baba yake aliuliza.

"Kwenye redio, Tata."

"Na redio imekwambia neno gani hilo, hata sisi tulale na njaa?"

Kokwijuka alianza kusugua chungu kilichoungua. Angeelezaje?

Mzee Gamaliel hakuwa mtu asiyejua muziki. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha tarumbeta cha kanisa la Kilutheri pale kijijini, wanaume sita wenye mashavu ya chuma, na walipopiga asubuhi ya Pasaka walisikika hadi kijiji cha tatu. Lakini kwake muziki ulikuwa jambo la kusimama wima na kutazama mbele. Kitu cha kumfanya binti aache chungu motoni akimbilie dirisha la watu hakikuwa muziki. Kilikuwa homa.

Basi homa hiyo haikumwacha. Miaka mitatu baadaye Kokwijuka alihamia Bukoba mjini kufanya kazi ya ushonaji, na katika baraza zote za mjini alichagua kuweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la Bashiri kwa sababu moja tu: Bashiri alikuwa na gramafoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, muuza vitambaa na taa za chemli, na aliamini kwamba muziki unawavuta wateja. Mteja aliyevutwa kuliko wote alikuwa fundi wake mwenyewe.

Hapo ndipo Kokwijuka alipokutana na Radi Tano.

Radi Tano walikuwa vijana watano wa Mwanza waliopiga roki, na santuri yao ilimfikia Bashiri ndani ya shehena ya vitambaa, imefungwa kwenye gazeti. Kokwijuka aliisikiliza mara nne mfululizo siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa amejua kila mtu anaingia wapi. Alijua mpiga besi huchelewa nukta moja kwa makusudi, kama mtu anayekuudhi ili umtazame. Alijua Josia, mpiga dramu, hupiga kana kwamba ana deni na zile ngozi. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mpiga solo, Buberwa, ambaye kwa jina tu ulijua ni mtu wa huku huku, Mhaya aliyevuka ziwa. Buberwa alikuwa na namna ya kuuvuta uzi mmoja mpaka sauti ikapanda, ikapanda, ukadhani sasa utakatika, halafu akauachia.

"Sikiliza hapo!" Kokwijuka alikuwa akimwambia mteja aliyesimama mikono juu akipimwa kifua. "Hapo, hapo! Umesikia alivyouachia?"

"Dada, umeandika kifua changu inchi hamsini na mbili."

"Nitafuta. Sikiliza kwanza."

Watu walimcheka, lakini walirudi, kwa kuwa alishona vizuri na pia kwa kuwa ilikuwa raha kushonewa na mtu mwenye furaha namna ile.

Mwezi Mei mwaka 1969, wiki mbili kabla ya Pentekoste, karatasi ya tangazo la dansi ilibandikwa ukutani sokoni. Kokwijuka aliisoma, akasogea nyuma, akaisoma tena. RADI TANO WA MWANZA. BUGI KUBWA. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA, UKUMBI WA MJINI. Alikimbia kutoka sokoni hadi dukani akiwa na kikapu cha nyanya kichwani, na hakuna nyanya iliyoanguka.

"Bashiri! Wanakuja! Wao wenyewe, kwa miguu yao!"

"Kwa meli," Bashiri alimsahihisha, lakini yeye pia alikuwa ameshasimama.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Kokwijuka alikuwa bandarini. Meli ilipofunga gati, wakashuka abiria na kuku wao, wakashuka wachuuzi wa samaki, kisha wakashuka watano waliovaa miwani myeusi, wamebeba makasha marefu kama watu wanaosafirisha bunduki. Aliwajua mmoja mmoja bila kuambiwa. Yule mfupi mwenye kucheka ovyo ni Josia. Yule mrefu aliyekumbatia kasha lake kama mtoto mgonjwa ni Buberwa. Wote watano walivaa suruali nyeusi zilizobana kiasi kwamba walishuka ngazi upande upande, kama kaa.

Ni suruali hizo zilizoleta balaa.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa vita vya mavazi. Gauni fupi, nywele za kuchoma, suruali za kubana, vyote vilipigwa marufuku kuwa ni utumwa wa mawazo, na vijana walipangwa mijini kuwakagua watu. Pale Bukoba msimamizi wao alikuwa Rwegasira, kijana mwembamba, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye zamani alifundishwa shule ya Jumapili na Mzee Gamaliel. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini. Kipimo chake kilikuwa chupa tupu ya soda: unaivuta suruali kiunoni, chupa inadondoshwa ndani, na ikitokea chini kwenye kifundo cha mguu, umepona. Ikikwama, suruali imebana.

Saa tatu asubuhi, mbele ya ukumbi, umati ukiwa umeshaanza kukusanyika, Rwegasira alidondosha chupa ndani ya suruali ya Buberwa. Chupa ilifika pajani ikatulia. Aliijaribu kwa mpiga besi, ikakwama juu zaidi. Kwa Josia haikuingia kabisa.

"Ndugu zangu," Rwegasira alisema, akifuta chupa yake kwa leso, "mmekaribishwa sana Bukoba. Lakini kwa suruali hizi hampandi jukwaani."

"Hatuna nyingine, ndugu," alisema Buberwa. "Hizi ndizo sare."

"Basi hakuna bugi."

Umati ulipiga mguno mmoja mkubwa. Msichana mmoja akaanza kulia waziwazi. Kokwijuka alijikuta ameshapenya mpaka mbele, hajui alipitaje.

"Ndugu Rwegasira! Na chupa ikipita?"

Rwegasira alimtazama. "Wewe si binti wa Mzee Gamaliel?"

"Ndiye mimi. Nakuuliza, chupa ikipita zote tano, watapiga?"

"Ikipita, wapige mpaka nyuzi zikatike. Mimi nafuata kipimo."

"Saa nane nitakuletea suruali tano." Kisha akawageukia watu aliowasikiliza kwa miaka mitatu, watu ambao mpaka dakika ile alikuwa hajathubutu hata kuwasalimu, akasema, "Vueni!"

"Hapa?" Josia aliuliza.

"Dukani! Upesi!"

Walivuka mtaa wakikimbia upande upande, na nusu ya mji ikiwafuata. Mariamu, mke wa Bashiri, aliwatolea kanga zake, na dakika tano baadaye Radi Tano wa Mwanza walikuwa wameketi kwenye magunia nyuma ya duka wamejifunga kanga za maua, miwani myeusi bado machoni.

Kokwijuka alizitandaza suruali mezani, akaona kazi iliyopo. Mshono wa nje wa kila mguu ufumuliwe toka nyonga hadi chini, kisha katikati kiwekwe kipande kirefu cha kitambaa, upana wa vidole vinne. Miguu kumi. Saa tano kasoro. Alimgeukia Bashiri. "Nipe nyeusi."

"Sina nyeusi. Imekwisha tangu wiki ya msiba wa Kashozi. Nina mapazia ya waridi tu."

"Waitu! Mapazia?"

Josia alisema kutoka kwenye magunia kwamba yeye binafsi hana neno na waridi, Buberwa akamwambia anyamaze.

Kitambaa kilikuwapo. Kokwijuka alijua kilipo tangu mwanzo, ndiyo maana alikuwa ameuliza kwanza kwa Bashiri. Kilikuwa chini ya meza yake, kimekunjwa vizuri ndani ya karatasi: yadi nne za kitambaa chekundu cha kung'aa, ambacho baba yake alikuwa amemletea kwa mkono wake mwenyewe, kishonwe mikanda sita ya kuvuka kifua kwa wapiga tarumbeta, tayari kwa Pentekoste. Alikitoa akakiweka juu ya meza. Mkasi ulikuwa mkononi. Alimwona baba yake kabisa, amesimama wima, anatazama mbele.

"Ni kizuri mno," Bashiri alinong'ona. "Ni cha nani?"

"Ni cha Tata," Kokwijuka alisema, akakata.

Baada ya hapo hakufikiri tena. Mariamu alifumua, Bashiri alipiga pasi ya mkaa huku jasho likimtiririka, Kokwijuka alikanyaga cherehani. Mguu wa kwanza ulimchukua nusu saa, wa tatu dakika ishirini. Watoto wa mtaa walirundikana dirishani wakitangaza nje: "Mguu wa nne! Ameingia mguu wa nne!" na nje umati ukashangilia kama kwenye mpira.

Wakati fulani, kama saa sita, alisikia kitu nyuma yake, kidogo, chembamba, kama nyuki ndani ya kopo. Buberwa alikuwa ametoa gita lake kwenye kasha. Bila umeme lilikuwa na sauti ndogo tu, lakini alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza miguu ya Kokwijuka kwenye kanyagio, na anaifuata. Cherehani ikikimbia, anakimbia. Ikipunguza kwenye kona ya pindo, naye anapunguza, kisha wanaondoka tena pamoja.

"Usisimame," Buberwa alisema. "Endelea hivyo hivyo, dada. Hiyo mashine yako ina kitu."

Kokwijuka hakusimama. Angesimama angelia, na machozi yangedondokea kitambaa.

Saa saba na nusu, suruali nne zikiwa tayari, sindano ilikatika katikati ya mguu wa mwisho. Ilikuwa ya Josia. Alifungua droo: hakuna nyingine. Mariamu alikimbia nyumbani kutazama kwenye mashine yake mwenyewe, akarudi mikono mitupu. Kokwijuka alichukua sindano ya mkono, akaanza kushikiza kwa nyuzi ndefu ndefu za kupitia tu, kama mtu anayefunga gunia.

"Kaka Josia, nisikilize. Wewe unapiga umekaa, si ndiyo?"

"Nimekaa."

"Basi kaa. Usiruke. Usipanue miguu zaidi ya hapa. Hii imeshikwa na maombi tu."

Josia aliapa.

Mlangoni mwa ukumbi Rwegasira alikuwa amesimama na chupa yake. Watano walijipanga, na watu walipoona zile suruali nyeusi zenye mfereji mwekundu unaong'aa kila upande, walipaza sauti kabla hata ya kipimo. Chupa ikadondoka: ko! Ikatokea chini. Ya pili, ko! Ya tatu. Ya nne. Umati ulikuwa unahesabu kwa sauti. Kwa Josia, Rwegasira aliitazama ile suruali kwa muda, akaivuta kiunoni, akaiachia chupa. Ilipofika gotini ikasita. Josia alitikisa mguu kidogo. Kikasikika kitu kikikatika, tak, chupa ikatoka.

Rwegasira aliusikia mshono ule. Kokwijuka aliona kuwa ameusikia. Aliokota chupa yake, akaifuta, akatazama ule umati uliokuwa umeshika pumzi.

"Imepita," alisema.

Kokwijuka baadaye aliwasimulia watu bugi lile mara nyingi, na kila mara alianza vizuri kisha akaanza kupiga meza kwa viganja. Kwanza, alisema, ni sauti. Redio na gramafoni vilikuwa vimemdanganya. Vilimpa kivuli tu cha kitu. Buberwa alipogusa uzi wa kwanza, Kokwijuka hakuusikia masikioni, aliusikia mbavuni. Besi ilipanda kutoka kwenye sakafu ikampitia visiginoni. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yanatetemeka kwenye fremu zake. Watu walioingia na soda walizishika kifuani wakasahau kunywa. Makarani wa kahawa wenye tai, wauza samaki wa Nyamukazi, wauguzi wawili wenye sare zao za kazi, wote waliruka pamoja, vumbi likipanda kwenye miale ya jua la saa nane iliyoingia dirishani, na ile mifereji myekundu ikiwaka jukwaani kila walipogeuka.

Katika wimbo wa sita, Buberwa alisogea mbele peke yake. Alianza chini, haraka haraka, tiki-tiki-tiki-tiki, kisha akapunguza, kama kwenye kona ya pindo. Kokwijuka alipigwa na butwaa. Ilikuwa mashine yake! Ilikuwa miguu yake mwenyewe, sasa imekuwa mikubwa kama nyumba, inatoka kwenye maspika mawili, na watu mia tatu wanaicheza. Alimshika Mariamu mkono akamfinya mpaka Mariamu akapiga yowe, ingawa katika kelele ile hakuna aliyesikia. Na Buberwa akauvuta uzi, ukapanda, ukapanda. Josia alishindwa kujizuia. Aliruka juu toka kwenye kigoda chake, miguu kaipanua, na suruali ikafumuka toka nyonga hadi kifundoni. Akakaa upesi, akaendelea kupiga. Kisha Buberwa akauachia uzi, na ukumbi mzima ukapiga ukelele.

Rwegasira alikuwa mlangoni. Kokwijuka alipogeuka alimwona ameshika chupa yake kwa nyuma, na kichwa chake kinakwenda mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayekubali jambo asilotaka kulikubali.

Siku ya Jumatano Mzee Gamaliel alikuja mjini kuchukua mikanda.

Kokwijuka alikuwa amekwisha kujiandaa kwa maneno mengi, lakini alipomwona baba yake kavua kofia pale barazani, yote yakamtoka. "Kitambaa chako nimekikata, Tata," alisema. "Nimewashonea wapiga gita suruali." Akamweleza yote, kuanzia chupa hadi sindano iliyokatika. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba Jumapili Kokwijuka aje Izimbya alisema hilo mwenyewe mbele ya kikundi, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha kanisa, si chake. Kokwijuka alikwenda. Alisimama mbele ya wale wanaume sita akasema alichofanya, na alikuwa amebeba mikanda sita mipya aliyoshona kwa kitambaa cheupe alichokitafuta mji mzima. Wanaume watano walicheka. Baba yake hakucheka, na kwa mwezi mzima hakumsemesha zaidi ya salamu.

Kisha siku moja, wakimenya ndizi, Mzee aliuliza bila kuinua macho: "Huyo Buberwa. Mkono wake wa kushoto, anafanya nini nao?"

Kokwijuka alichukua mti wa fagio akamwonyesha. Mzee alitazama vile vidole vikipanda na kushuka kwenye mti, akasema, "Hm," akaendelea kumenya. Hakuuliza tena kamwe, wala hakuwahi kukanyaga bugi. Lakini hakuliita tena homa.

Miaka iliyofuata Kokwijuka aliwaona Radi Tano mara nane. Mara moja alivuka ziwa kwenda Mwanza, daraja la chini, amelala juu ya marobota na kutapika njia nzima, ili kuwasikia wakishindana na bendi nyingine nne. Huko alimsikia mwanamke wa Musoma aliyeimba kwa sauti ya kokoto, akamweka papo hapo wa pili moyoni baada ya Buberwa. Vijana wa Bukoba nao walimiminika barazani kwake wakitaka mfereji mwekundu kwenye suruali, akawashonea mpaka kitambaa chekundu kikaadimika mjini. Na katika msururu wa kuingia bugi moja alikutana na Nathanieli, mkulima wa Kimwani aliyetembea na baiskeli siku mbili kuja kusikiliza gita la besi. Alipomwambia kwamba mpiga besi huchelewa kwa makusudi, Nathanieli alisema, "Kumbe na wewe umeliona!" Wakaoana mwaka 1972.

Kule Kimwani hapakuwa na gramafoni. Palikuwa na mahindi, ndizi, mbu, na kuanzia mwaka 1974 palikuwa na kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara. Kokwijuka alikuwa kiongozi wa kikundi cha kina mama cha ushonaji, Nathanieli katibu wa kijiji. Mkwewe, Mama Klaudia, alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari asubuhi na jioni, na hakumwelewa kabisa huyu mke wa mwanawe aliyepalilia huku akiigiza sauti za gita kwa mdomo.

Mwaka 1975 habari ikaja: bendi moja ya kiwanda cha Mwanza inapita kwa barabara kwenda Bukoba kwenye sherehe, na itatumbuiza vijijini njiani. Nathanieli alisoma barua ya wilaya kwa sauti mpaka alipofika kwenye majina ya wanamuziki. Hapo akampa mkewe karatasi. Buberwa. Josia.

"Radi Tano!" Kokwijuka alipiga yowe, na Mama Klaudia akaangusha ungo.

Walifika Jumapili mchana kwa lori, na jenereta nyuma yake. Lakini waliposhuka, Kokwijuka alizitafuta zile suruali nyeusi, asizione. Walikuwa sita sasa, wamevaa mashati ya kitenge yaliyofanana na suruali za kaki zenye nafasi ya chupa kumi. Josia alikuwa ameota kitambi. Walipiga wimbo wa kilimo cha kufa na kupona, ukafuata wa umoja, ukafuata wa pamba. Zilikuwa nyimbo nzuri, na wanakijiji walipiga makofi kwa utaratibu. Buberwa alisimama nyuma akipiga zilezile nota tatu, miwani myeusi machoni, kama mtu anayepanga foleni.

Wimbo wa pamba ulipoisha Mwenyekiti wa kijiji, mzee Byarugaba, alisimama kuwashukuru wageni. Kokwijuka akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, nina hoja."

"Huu si mkutano, mama."

"Wanakijiji wote si wapo? Katibu si yupo? Basi ni mkutano." Watu wakacheka. Alikaza kanga kiunoni. "Hawa ndugu tuliowaona hapa wanajua kupiga muziki mwingine. Nimewasikia kwa masikio yangu. Ni muziki wa radi. Naomba kijiji kiamue kama tunataka kuusikia, kwa nusu saa."

Jukwaani Buberwa alivua miwani. Alimtazama yule mwanamke mwenye kanga kiunoni, akainua kidole kuelekea kwake, akaanza kukanyaga chini kwa mguu mmoja, kana kwamba pale palikuwa na kanyagio la cherehani. Alikuwa amemtambua.

Byarugaba alikuna ndevu. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu ilikuwa wazi. "Hoja imeungwa mkono?"

"Imeungwa!" alisema Nathanieli.

"Katibu haungi mkono, anaandika. Nani anaunga?"

Byarugaba alitazama safu moja baada ya nyingine. Kisha kutoka kwenye safu ya wanawake wazee ikasikika sauti kavu. "Mimi." Alikuwa Mama Klaudia, rozari ikiwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. "Miaka mitatu nasikia tini-tini-tini ya mdomo shambani. Nataka kujua kitu chenyewe kikoje."

"Wanaokubali, mikono juu!"

Mikono ilipanda uwanja mzima kama mahindi. Nathanieli alianza kuhesabu, akafika arobaini na kitu, akaacha. Byarugaba akatangaza kwamba kijiji kimeridhia radi, nusu saa, si zaidi.

Buberwa alizungusha kitu kwenye spika, jenereta likakohoa, Josia akafungua vifungo viwili vya shati lake. Na ule uzi mmoja ukapanda juu ya Kimwani, juu ya mapaa mapya ya bati, juu ya mahindi, ukapanda, ukapanda, na Kokwijuka alikuwa hewani kabla haujaachiwa. Watoto walitawanyika wakipiga mayowe, wakarudi mbio kutaka zaidi. Mbwa walikimbia moja kwa moja hawakuonekana tena siku hiyo. Nathanieli alitupa daftari la katibu, akasimama mbele ya mpiga besi, amefumba macho, akimsubiri achelewe.

Mama Klaudia alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Kokwijuka alimsogelea akipaza sauti: "Mae, tuondoke? Ni kelele mno?"

"Niache!" mkwewe alimjibu kwa ukelele, na hapo Kokwijuka akatazama chini, akaona miguu ya bibi yule, mitupu, imeshaanza kucheza.

Nusu saa ilipita. Saa nzima ikapita. Byarugaba alitazama saa yake mara mbili, mara ya tatu akaivua akaitia mfukoni.